Kizuizi cha Saa Nne

Msije mkaisikia habari hii kwa mtu mwingine akawaharibia. Nilikuwepo mimi, na macho yangu haya mawili, tangu fundi anatua ngazi begani mpaka anaondoka. Benchi letu liko kwenye kona, mbele ya saluni ya Kinyozi, chini ya nguzo yenye kisanduku cheupe cha mtandao. Siku hizi kila nguzo ina cha kwake, maana mawimbi haya mapya yana kasi ya ajabu lakini ni dhaifu: ukuta hayapenyi, hata mwili wa mtu hayapenyi. Asubuhi ile tulikuwa wanne. Mimi, Kinyozi mwenyewe, aliyekosa mteja, Mjomba Plagi, anayetengeneza pasi na feni, na Kipaza, ambaye akinong'ona wanaitikia mtaa wa pili. Birika limejaa, kahawa inafuka. Ndipo akatokea fundi wa visanduku, mtu mzima, baba wa watoto wanne, tunamwita Ngazi. Uso umemshuka mpaka kifuani.

– Jamani nisaidieni. Nisipopata jibu kabla ya saa sita, kazi sina.

– Umeua? – Kipaza akauliza, na mbwa upande wa pili akabweka.

– Kisanduku hiki kinakula umeme mara tatu ya wenzake. Na vimewekwa ili kubana umeme! Pasipo na mtu, kinalala. Mtu akija na simu, kinaamka na kummulika yeye tu, mwale mwembamba kama wa tochi. Lakini tangu Jumatatu, ikifika saa nne, kitu kinasimama katikati. Mwale unagonga, kisanduku kinahangaika kutafuta pa kupitia, umeme unaisha huko.

– Kitu gani?

– Si ndicho ninachotakiwa kuandika! – Akatutolea fomu. – Kizuizi ni nini, kimeondoka au bado, halafu shahidi asaini. Mwenzangu aliyekuwa na mtaa huu aliandika "hakuna kitu". Wakamwambia na kazi pia hakuna.

Kinyozi akapiga funda la kahawa.

– Rahisi hiyo. Andika turubai la bucha, linapepea pepea pale.

– Turubai halina mabega, kaka.

Ngazi akachomeka waya kwenye nguzo, akatugeuzia skrini ya simu yake ya kazi. Ramani ya mtaa wetu, na juu yake kivuli. Urefu wa mtu. Upana wa mtu.

– Jumatatu kilisimama mlangoni pa bucha. Jumanne kwa fundi viatu. Jumatano kwenye mtaro. Jana, hatua mbili kutoka hapa mlipokaa.

– Hatua za nani? – Mjomba Plagi akauliza. – Maana wewe miguu yako ya kukopa.

Kipaza alicheka peke yake, kicheko kikamkatikia njiani. Mimi nilikuwa natazama: bucha, fundi viatu, mtaro, benchi. Mstari umenyooka kama wa rula.

– Nisikilizeni mimi niliyepigwa shoti mara kumi na moja, – Plagi akasema, safari hii bila utani. – Umeme hauokolewi. Unahamishwa. Visanduku mia vinalala kwa pamoja, havili. Chakula kile kisicholiwa kinakwenda wapi?

– Kinabaki kwenye waya, – Ngazi akajibu.

– Kinabaki, kinajazana, mwisho kinachoka kulala. Kinasimama.

– Mjomba, umeme usimame na mabega!

– Kwani wewe uliyapata wapi ya kwako?

Kipaza akashusha sauti, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nimfahamu.

– Mimi naona ni mtu. Mtu asiye na simu. Kisanduku hakimhesabu, akipita kinaona pako tupu, kinalala. Umri wote hajahesabiwa. Sasa amegundua kwamba akisimama kwenye mwale, angalau kinagutuka.

Mimi shule niliiacha mapema, ila kwa akili sijaachwa na mtu. Nikawaambia:

– Hapana. Anatafuta joto. Mkumbuke, kila mmoja wetu hapa anamulikwa kutwa nzima. Yeye yuko gizani saa nne ya asubuhi, jua kali. Mnadhani atakwenda kwa nani, kama si kwa watu waliokaa pamoja?

– Nyamaza bwana! – Kinyozi akanikemea. – Kahawa inanipalia.

Na hapo ikafika saa nne. Video kwenye simu ya Kipaza ikaganda, msemaji kabaki mdomo wazi. Simu zetu zote zikakata. Kisanduku juu kikaanza kunguruma kidogo, kama friji kuukuu.

– Kimekuja, – Ngazi akasema.

– Kiko wapi?

– Hapo.

Hapo palikuwa na jua na vumbi. Upepo ukaleta mfuko wa plastiki unabiringika, ukafika hapo, ukatulia. Kisha ukazunguka pembeni, ukaendelea na safari yake.

Mara mngurumo ukakoma. Video ikaendelea. Ngazi akatazama skrini, akaruka juu.

– Kimeondoka! Mwale umenyooka! Umeme umeshuka, oneni wenyewe, umeshuka!

Akaandika kwa pupa: kizuizi ni turubai la bucha, kimeondoka. Akaiweka fomu ncha ile ya benchi iliyokuwa wazi, na kalamu juu yake, akaomba shahidi. Nikasaini mimi, kwa mbwembwe zangu zote. Tukampongeza, tukamiminiana kahawa, mtu na kazi yake.

Akaja dada wa duka la dawa na kikombe chake, kama kawaida yake.

– Shikamooni. Mbona mmebanana hivyo? Benchi lote hilo!

Tukajitazama. Watu wazima wanne ncha moja, Kinyozi kakalia nusu ya tako. Hakuna aliyekumbuka kusogea.

– Tunasherehekea, dada, – Ngazi akamwambia. – Kulikuwa na kitu kimesimama kinaziba mtandao. Kimeondoka.

Dada akatazama ile nafasi iliyobaki.

– Kimeondoka, au kimekaa?

Ngazi akaivuta fomu kwa ncha za vidole, akaikunja bila kuisoma, akaondoka akiisahau hata ngazi yake. Ofisini waliipokea vizuri: maelezo yamekamilika, shahidi amesaini. Kazi yake anayo mpaka leo, ingawa mtaa wetu ameomba apewe mwingine.

Yote haya ni kweli tupu. Jambo moja tu nimelitunga, nalo ni dogo. Mimi sikusaini. Mkono wangu usingefika kule ilikokuwa fomu.