Bi Lorna Kivela na Tasnifu Moja Iliyobaki

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha tasnifu, chini kabisa ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Tamarack, Bi Lorna Kivela anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Mei. Kalamu nimepewa mimi niliyekaa naye meza moja miaka tisa, basi nivumilieni.

Alianza kazi akiwa na rula mkononi. Pambizo ya kushoto isipotimia, tasnifu ilirudi ilikotoka, hata iwe ya nani. Mkuu wetu wa kitivo, enzi zake za uanafunzi, alirudishwa mara tatu. Mara ya tatu alipewa pia mkate wa iliki, maana machozi yalikuwa karibu.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa kufungua. Wahitimu wengi wa zamani waliomba tasnifu zao zifungiwe, zisisomwe bila ruhusa, na kwetu haifunguliwi hata moja bila saini ya mwenyewe au mrithi. Bi Lorna aliwaandikia wote kwa mkono. Leo tasnifu 2,214 zinasomwa bure mtandaoni na yeyote, popote alipo. Wengi walirudisha saini tupu, bila hata salamu. Majira ya theluji, wiki nzima ilipita bila mtu kubisha hodi mlangoni petu.

Moja ilibaki. Ni ya marehemu mumewe, Reino, juu ya bundi wa misitu ya kaskazini. Aliifunga akitaka kwanza kuitoa kama kitabu, mauti yakamuwahi. Mrithi ni Bi Lorna mwenyewe. Mwaka juzi nikamsogezea fomu ya kuifungua, nikijiona mjanja.

"Wee mwanangu, hebu niache," akasema. "Ikiwa imefungwa, anayeitaka lazima ashuke hapa aniombe. Nikiifungua, nani atakuja kuniuliza habari za Reino?"

Nikairudisha fomu kwenye droo. Miaka kumi na miwili hakuwa ameshuka mtu kuiomba, na sote wawili tulijua.

Jumatatu nikaikuta fomu upande wangu wa meza, ina saini. "Ifungue wewe," akasema, "mimi mkono haunyanyuki." Nikaifungua. Akakaa akitazama idadi ya wasomaji kwenye kompyuta mpaka saa ya kahawa. Sifuri.

Jana ikawa moja. Akapiga makofi: "Umeona? Kuna mtu!"

Bi Lorna, usinikasirikie. Mtu huyo ni mimi. Nimefika ukurasa wa themanini, na nina maswali mengi kuhusu Reino ambayo bundi hawawezi kunijibu. Jumapili nitakuja kwako kuyauliza.

Ahsante kwa kila mlango uliotufungulia. Uishi salama, uishi kwa raha, na usile mkate wote kabla sijafika.