Kukausha Cheri Baada ya Mvua

Mvua ilikatika saa nne asubuhi mjini Cromwell, na kabla michirizi haijakauka helikopta zilikuwa zimeshatawanyika mabondeni. Cheri iliyoiva ikikaa na maji hupasuka, na iliyopasuka haina mnunuzi. Kwa hiyo rubani hushuka karibu na vilele vya miti, akasimama hewani, upepo wa mapanga yanayozunguka ukaikung'uta maji miti, mstari mmoja mmoja. Nje ya duka la mikate, kwenye benchi la kila siku, Lorna alishika kikombe cha kahawa ambacho hakukinywa. Helikopta iliyovuma ng'ambo ya mto, shambani kwa Petrie, ilirushwa na kaka yake, Callum. Pembeni ya Lorna walikaa wazee wawili wa kijiwe: Barometa, anayetabiri mvua kwa goti lake, na Jaji, mama mstaafu wa posta aliyebaki na kazi ya kuhukumu watu. Walikuwa wakiichambua ajali ya helikopta ya mwaka jana.

— Ndege wale, alisema Jaji. Walishiba cheri, wakashindwa kupaa, wakaingia kwenye mapanga.

— Ndege gani, mama? alisema Barometa. Ni vilima. Vina chuma ndani, vinavuta. Hata saa yangu hukimbia nikipita kule.

— Inakukimbia wewe.

— Cheka tu. Na ile miti mirefu ya kukinga upepo je? Upepo wa helikopta unaigonga, unarudi na hasira. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Iligusa waya, alisema Lorna. Taarifa ya uchunguzi ilieleza. Panga la mkiani liko nyuma, rubani halioni.

— Taarifa, taarifa, alisema Barometa. Haraka haraka haina baraka, binti. Mtu aliyesimama hewani ana haraka gani? Huyo yuko salama kuliko sisi.

— Injini ikikohoa pale juu ya miti, hana hata nafasi ya kugeuka.

Barometa akajifanya anapuliza kahawa. Jaji akamgusa Lorna begani.

— Kunywa, mwanangu. Callum ni mzoefu.

— Mzoefu wa kumwaga mbolea milimani. Leo ameingia tu badala ya Stu, rubani wa siku zote.

Akafika msichana mwenye viatu vilivyojaa tope, mchuma cheri, akaomba asogezewe nafasi.

— Petrie katutoa shambani mpaka miti ikauke, alisema. Rubani wa leo siye yule aliyezungushwa shamba zima mwezi uliopita?

— Yule Stu. Kiuno kimemkaza, alijibu Jaji.

— Basi huyu nani kamwonyesha ule waya mpya wa pampu? Ule wa karibu na mto.

Barometa aliweka kikombe chini, akasimama.

— Stu atakuwa kampigia, alisema Jaji.

— Stu yuko hospitali tangu jana, alisema Lorna. Kachomwa sindano, amelala.

— Petrie, basi.

— Petrie alitutoa kwa simu tu, alisema msichana. Yuko mbali, Dunedin, na lori la cheri.

Lorna alikuwa ameshabonyeza jina la kaka yake. Simu iliita, ikaita. Alijua simu ya Callum ilipo: kwenye kiti cha gari la mafuta ya helikopta, kama siku zote, na masikio yake yako ndani ya kofia ngumu.

Akamtupia Jaji simu.

— Endelea kupiga.

Alipofika kwenye gari lake, Barometa alikuwa ameshakaa upande wa pili, akivua koti lake la mvua, la njano.

— Nitampungia hili. Twende.

Ng'ambo, mvumo ulihama mstari mmoja kuelekea mtoni.