Sababu ya Miche Kufa (Eleza kwa Kifupi)

Kijiwe chetu kimehama mara tatu, na hatujawahi kufukuzwa na binadamu. Anayetufukuza ni bahari. Kila baada ya miaka michache tunabeba mabenchi mawili, jiko na birika, tunarudi nyuma hatua arobaini, tunakaa, na ubishi unaendelea pale ulipoishia. Sasa tumefika ukutani kwa Shangazi muuza kahawa, na nyuma ya nyumba yake ni barabara, kwa hiyo pa kurudi hapapo tena. Jiko lake la nje lilikwenda na maji mwaka juzi. Mwaka jana ukafuata ukuta wa choo. Ndipo ofisi ya misitu ikatuletea mbegu elfu tatu za mikoko, ile miti inayosimama kwenye tope la chumvi na kuishika pwani isiliwe. Tukazipanda wenyewe, chini ya usimamizi wangu. Zikafa zote. Sisemi karibu zote. Mimi si mtu wa kupunguza mambo. Ofisi iko radhi kutupa nyingine, ila kwanza tujaze fomu, na gari lao linapita saa sita kuichukua. Likiondoka mikono mitupu, mbegu zinakwenda ng'ambo, kwa wenzetu wa upande wa pili wa maji.

— Saa nne na nusu, akasema Mstaafu.

Huyu alikuwa karani miaka thelathini, na mpaka leo hukaa benchini amefunga vifungo vyote vya shati, kama anayesubiri kuitwa ndani. Fomu ilikuwa gotini pake, kalamu mkononi.

— Swali linasema: Sababu ya miche kufa, eleza kwa kifupi. Mistari miwili. Haya, semeni.

— Mnara, akasema Betri.

Betri hutengeneza simu na redio, na kwake hakuna ugonjwa usiotokana na umeme.

— Mnara gani tena?

— Mnara wa simu, bwana! Si una waya unaoingia ardhini? Ardhi si ina tope? Tope si lina chumvi? Maji ya chumvi na chuma ndani yake, hiyo ni nini kama si betri? Tumezipanda mbegu ndani ya betri, zikachajiwa usiku na mchana bila kupumzika. Hata simu ukiiacha kwenye chaji wiki nzima inavimba.

— Hazikuvimba, akasema Shangazi huku akipanga vikombe. Zilikauka.

— Ndiyo, Shangazi. Zilivimba kwa ndani.

Mstaafu akahesabu maneno kwa vidole.

— Haiingii kwenye mistari miwili.

— Basi andika "mnara". Neno moja tu! Akili nyingi huondoa maarifa.

— Ni kaa, akadakia Msumari.

Msumari ni seremala, na hajawahi kukubaliana na mtu ambaye hana msumeno.

— Nimewaona kwa macho yangu. Kaa alikuja akaipima mbegu kwa gando, hivi, kama mimi ninavyopima kizingiti, akaenda kumwita mwenzake. Hawa wametumwa. Kaa wetu tunawajua, wanatembea upande upande. Wale walikuja moja kwa moja!

— Kutoka wapi?

— Ng'ambo! Kule mikoko imestawi mpaka mtu anapotea ndani yake. Kwa nini kule istawi na huku ife, wakati bahari ni moja? Kikulacho ki nguoni mwako.

— Sasa ng'ambo ni nguoni mwako? akauliza Mstaafu.

— Methali haiulizwi maswali, Mstaafu. Methali inaandikwa.

— Na ile mikoko yetu ya zamani, akasema Shangazi, ile niliyoikuta hapa nilipoolewa, nayo ililiwa na kaa?

— Ile... ile ilihama.

— Ilihamia kwenye paa lako, mwanangu. Na kwenye paa langu pia, sikatai, marehemu mume wangu ndiye aliyeibeba. Lakini usiseme ilihama kama yenyewe ina miguu.

— Kusema kweli, Shangazi, mkoko una miguu, nikasema. Tena mingi.

Hapo nikaona wakati wangu umefika. Mimi naitwa Ramani, kwa sababu zamani niliwashikia wapima ardhi utepe wao siku mbili nzima, na tangu hapo hakuna anayenizidi kujua vitu viko wapi. Nikanywa fundo moja, nikaacha wasubiri. Mtu mwenye hoja hana haraka.

— Jamani, nikasema, mti ni mtu. Mkoko haujazaliwa kusimama foleni. Sisi tukapiga kamba, tukazipanga mstari kama wanafunzi asubuhi. Mbegu elfu tatu, ndugu wa mama mmoja, zimesimama zinatazamana visogo. Zimekufa kwa aibu! Na bahari nayo ilipoona mistari ikadhani ni daftari, ikaja kuandika. Siku ile niliposhika utepe wa wapimaji, bahari ilinivuta ncha ya pili, ikanisogeza mita sita. Mita sita! Mkuu wa wapimaji mwenyewe akaniambia, "Ramani, bahari imekupenda."

— Jana ulisema mita nne, akasema Betri.

— Jana maji yalikuwa mafu, hayavuti.

Msumari akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Hata Mstaafu akalegeza kifungo kimoja. Shangazi peke yake hakucheka. Aliliweka birika chini, na alipoliweka lilitoa sauti.

— Saa tano na robo, akasema. Mnajua kwa nini nimekaa hapa nawasikiliza? Keshokutwa maji ya bamvua yanakuja, yale makubwa ya mwezi mpevu. Usiku nikilala nasikia mawimbi upande wa kitandani, si upande wa mlangoni. Najua mbegu zikipandwa leo hazitazuia maji ya keshokutwa. Nataka zianze kukua nikiwa bado nina mlango. Basi.

— Lakini Shangazi, akasema Msumari kwa upole, bahari haina nia mbaya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mvunguni kwangu kuna nini inachokitaka? Masufuria?

Mstaafu akajikohoza akasema labda tuandike "sababu za kimaumbile", maneno matatu yenye heshima zake, hayamgusi mtu. Wote tukaitikia kwa pamoja. Alikuwa amekwisha kuigusa karatasi kwa kalamu pale mwanamke mmoja wa makamo, mwenye ndoo iliyofunikwa gunia bichi na matope mpaka magotini, alipoomba nafasi benchini na kikombe kimoja.

— Natoka ng'ambo, akasema. Nimesikia mkitaja mikoko. Mimi ndiyo kazi yangu, napanda na kikundi chetu cha akina mama.

Msumari akamtazama kama anayetafuta gando.

— Poleni kwa kuharibikiwa, akaendelea. Nina swali moja tu. Mlipopanda, kofia zilikuwa juu?

Nikafurahi, maana kama kuna jambo ambalo nilisimamia kwa ukali duniani hapa, ni hilo.

— Dada yangu, hapo umegonga mlango wenyewe! Karatasi ya maelekezo niliisoma mimi. Iliandikwa: wakati wa kupanda, kofia iwe juu. Nikatangaza siku mbili kabla. Siku ya kupanda nikasimama pale mwanzo wa tope, asiye na kofia hapiti! Betri alikuja kichwa wazi, nikamrudisha.

— Nikaazima ya shemeji yangu, akasema Betri. Ya sufi. Nusura nizimie kwa joto.

— Mimi nilivaa bakuli, akasema Shangazi taratibu.

— Alivaa bakuli! nikasema kwa fahari. Watu arobaini na wawili, dada, na kofia zote juu mpaka jioni. Hata upepo ulipoipeperusha ya Mstaafu, kazi ilisimama mpaka ikapatikana.

Yule mama alitutazama mmoja mmoja. Nadhani alikuwa akitafuta nani anatania. Kisha akafunua gunia, akatoa mbegu ya mkoko, ndefu ya kijani kama penseli ya jitu. Upande mmoja ina ncha. Upande wa pili ina kitu kidogo cha kahawia, cha mviringo, kimeikalia kichwani.

— Hii, akasema. Kofia ya mbegu.

Betri akajipapasa kichwani, pale ilipokaa ile ya sufi.

— Majani hutokea huku kwenye kofia, akasema. Ncha ndiyo inayoingia matopeni. Ninyi ncha mliiweka wapi?

Swali jepesi kabisa. Mtoto wa shule ya vidudu angelijibu. Betri akaikagua simu iliyokuwa imezimwa. Msumari akaanza kupima benchi kwa shibiri. Mimi nikaikumbuka sauti yangu mwenyewe siku ile, inapaa juu ya tope: ncha juu, jamani, kama mkuki, bahari ituogope!

— Sasa si ni jambo jema? akasema yule mama. Tope lenu halina ubaya. Andikeni tu.

Akanywa, akashukuru, akabeba ndoo yake. Ile mbegu moja akamwachia Shangazi.

— Saa sita kasoro dakika kumi, akasema Mstaafu. Akanipa fomu. Baada ya miaka thelathini ya kushika kalamu, akaniachia na kalamu pia.

— Mimi mwandiko wangu mbaya, nikasema.

— Utasomeka, akasema Shangazi. Alikuwa amesimama juu yangu, mbegu mkononi, ncha chini.

Nikafikiri sana. Nikaandika. Mstaafu akainama akasoma kwa sauti ya ofisini:

— "Kofia zilivaliwa na wasiohusika."

Akatafakari.

— Ni kwa kifupi. Ni kweli. Na sarufi haina kosa.

Betri akajificha nyuma ya kikombe, mabega yanamtikisika. Nikaanza kusimama, maana gari lilikwishasikika likipunguza mwendo barabarani.

— Kaa, akasema Shangazi. Chini hapo kwenye fomu kuna nafasi. Jina la msimamizi.

— Ramani?

— Hilo ni la benchini. Andika ulilopewa na mama yako.

Kijiwe chote kikanyoosha shingo, kwa sababu miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kulijua. Hata kwa kuapa sikulitaja. Gari likapiga honi. Nikaziba karatasi kwa kiganja cha kushoto kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu, nikaliandika, herufi moja moja, majina yote matatu, na Shangazi hakuondoka mpaka nilipoweka nukta.