Bi Njoo-Uone na Jela Kongwe

Mama yetu mpenzi, ambaye mji mzima ulimwita Bi Njoo-Uone, alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 katika chumba cha abiria cha stesheni ya zamani. Bibi yetu alikuwa akingoja treni ya kumpeleka hospitali. Treni ilichelewa, mama hakuchelewa! Hadi uzeeni aliwaonyesha wageni benchi lenyewe, kifua mbele.

Alisoma shule ya mawe iliyo nyuma ya mahakama, akamaliza mwaka 1963. Wenzake walipokimbilia uwanjani, yeye alipapasa kuta akiuliza nani alizijenga.

Mwaka 1966 aliajiriwa mahakamani kuwa mpiga chapa. Huko akamkuta seremala akitengeneza ngazi, akamkataza kugusa kidato kimoja kilichokuwa kikilia kila kilipokanyagwa. "Wewe! Ukikinyamazisha hicho, jengo zima litakuwa bubu!" Seremala alikiacha kidato, akamposa mpiga chapa. Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1969, wakapendana hadi baba alipotutoka mwaka 2011. Kidato bado kinalia.

Alipostaafu alianza kuwatembeza wageni mjini. Kisha halmashauri ikaamua kubomoa jela kongwe ili ipanue kituo cha mabasi. Mama alikosa usingizi. Aliwaomba wajumbe jambo moja tu, waje waione kwanza. Walikuja tarehe 18 Agosti 2004. Walipoingia selo, mlango ulijifunga nyuma yao na kufuli likagoma kabisa. Mama, akiwa nje, hakubabaika. Aliendelea kuwaeleza kupitia nondo, akiwaonyesha majina yaliyochongwa ukutani na matofali waliyoyachoma wafungwa wenyewe.

"Mama, tufungulie basi, tumekuelewa!" mwenyekiti alilalama.

"Vumilia, baba. Dari hamjaiangalia."

Wakaiangalia dari. Walipotoka walipiga kura papo hapo uani, na jela ikapona. Mama alishangilia akiruka kama msichana, viatu mkononi.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Hata wodini hakutulia, aliwavuta wauguzi dirishani awaonyeshe mnara wa posta. Asubuhi ya tarehe 6 Februari mwaka huu alimwita binti yake mkubwa, ndiye mimi ninayewasomea, akanitia ufunguo kiganjani.

"Lile kufuli halijawahi kugoma hata siku moja," aliniambia, akacheka mpaka machozi. Alifariki mchana huo, uso ungali na kicheko.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, dada yake mshonaji, na jela iliyosimama wima. Mwenyekiti wetu wa enzi zile, tunakuona hapo mbele, tena unacheka. Usiogope. Tutampitisha mama mbele ya jela, na milango yote nimeifungua mwenyewe.

Mama, lala kwa amani. Wageni wakija, tutawaambia waje waone.