Mwalimu Protus Shikanga na Bustani ya Nyuma ya Jiko

Tunayemlaza leo, Mwalimu Protus Shikanga, alizaliwa Mukumu tarehe 12 Machi 1938, mtoto wa tatu wa Mzee Were na Mama Jescah. Alisoma shule ya misheni hapo hapo, na mwaka 1956 akaanza kufundisha Kabras kabla ya kupata mafunzo.

Tarehe 7 Februari 1959 alifunga ndoa na Pascalia Ayuma. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha ualimu Eregi. Pascalia, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alibaki na jembe. Mtama na kunde za bustani ya nyuma ya jiko ndizo zilizomsomesha mwalimu huyu.

Alifundisha historia, jiografia na uraia, na wengi mlio hapa mlipita mikononi mwake.

Mwaka 1979 miwa ilivuma Kabras, watu wakapanda hadi mlangoni. Trekta likalima hata bustani ile. Pascalia hakuulizwa. Alipolalamika, Mwalimu alimjibu mbele ya wageni, “Mama Erastus, wewe hukusoma. Miwa ndiyo inasomeshanga watoto.” Wageni wakacheka. Tangu hapo alinunua mboga ya mrenda kwa majirani ambao zamani aliwagawia bure.

Somo alilolipenda Mwalimu lilikuwa ramani. Kila mtoto wa darasa la nne alichora boma lao na kuonyesha chakula kinatoka wapi. Binti yake Awinja alichora nyumba, miwa hadi ukutani, na barabara ya kwenda soko la Malava. Walimu wenzake wanasimulia kwamba aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, kisha akaiwekea alama ya sahihi.

Mwaka 1984 figo zilianza kumsumbua, akastaafu. Miwa ilipokatwa, alimwagiza mwanawe Erastus ang'oe visiki vya nyuma ya jiko, yeye akisimamia kutoka kitini. Kisha akamwita mkewe.

“Pascalia, panda. Na siku ya kunizika, msinizike hapa.”

Pascalia alichukua jembe.

Mwalimu alifariki katika hospitali ya Mukumu alfajiri ya tarehe 3 Mei 1986. Ameacha mjane Pascalia, watoto Erastus, Bramwel na Awinja, na wajukuu wawili.

Kaburi limechimbwa upande wa miwa, kama alivyotaka. Mungu amjalie pumziko la amani. Waombolezaji mnaombwa msikanyage bustani.