Kopo la Vitamini la Ritha

Kijiwe cha kahawa cha Ahmad pale Masumbwe kina benchi moja na wasomi wa kujitegemea watatu. Nassibu anaitwa Daktari, na udaktari wake ni kuuza sumu ya panya mnadani. Siku hizi kaongeza makopo ya vitamini kwenye meza ileile. Luka ni Karasha, kwa kuwa akianza kusema anasaga kama mashine ya mawe. Wa tatu ni Pantaleo, mchimbaji, baba yake Ritha. Wiki iliyopita Ritha alianguka kwenye mbio za shule, mzunguko wa mwisho, akiwa anaongoza. Jumamosi anakimbia mkoani, na Pantaleo amekuja na tenga la matetea wake watano wanaotaga, abadilishane na kopo. Anaogopa mwanawe ataanguka tena mbele za watu.

— Mkimbiaji bila vidonge ni pikipiki bila mafuta, — Daktari alisema.

— Mimi nilikimbia kwa michembe tu, viazi vyetu vya kukausha, — Pantaleo alijitetea.

— Michembe ya zamani hiyo! — Karasha alidakia. — Baruti za machimboni zimetikisa ardhi, vitamini zote zimezama chini ya mwamba. Viazi vya leo ni maganda na maji.

— Na mahindi? — Pantaleo aliuliza.

— Mahindi ndiyo usiseme! Minara ya simu inayanyonya usiku na mchana.

Ahmad alicheka kwa pua.

— Inanyonya mahindi, wewe mbona unanenepa?

— Huu ni uvimbe!

— Bebe, wewe Pantaleo, achana na muuza kahawa, — Daktari alisema. — Wazungu wanameza kumi asubuhi, kumi jioni. Hata farasi wao wanameza. Kopo hili lina ng'ombe mzima ndani.

— Na pembe zake? — Ahmad aliuliza.

Pantaleo hakucheka. Alikwisha kulisukuma tenga hadi miguuni pa Daktari, ndipo Mwalimu Euphrasia, anayefundisha michezo shuleni kwa Ritha, akasimamisha baiskeli.

— Shikamooni. Baba Ritha, nilikuwa nakutafuta. Siku ile alipoanguka, asubuhi alikula nini?

Daktari alilikodolea macho kopo lake, labda jibu limeandikwa pale. Karasha naye ghafla akaona kikombe chake kinahitaji kukorogwa.

— Hayo anayajua mama yake, — Pantaleo alisema.

— Mama yake yuko Ushetu kwenye tumbaku, wiki ya tatu sasa. Nani anampikia?

Pantaleo alilivuta tenga lake kwa aibu. Yeye mwenyewe alikuwa akila kwa mama ntilie wa machimboni, mchana na jioni, na kila siku alirudi nyumbani ameshiba, asiulize Ritha amekula nini.