Injini ya Nevardo Imekula Mchanga

Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma kilichong'olewa kwenye gari bovu, kikaegemezwa ukuta wa gereji hapa Uribia, mji wa jangwa la Guajira, na asubuhi ile walikikalia wanaume wanne na chupa moja ya kahawa. Chupa ni ya Askofu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa utotoni aliimba kwaya ya misheni miaka miwili, na mdomo haujafunga mpaka leo. Pembeni yake Redio, ambaye habari zote za Guajira humfikia yeye kwanza, za kweli chache. Halafu Nevardo, macho mekundu, siku ya tatu hajalala: injini ya Landkruza yake ya zamani ilimfia jangwani na mapipa ya maji mgongoni, na gari hilo mama yake alilinunua kwa kuuza kundi zima la mbuzi. Mwisho wa kiti Chumvi, mjomba wake Nevardo, dereva wa miaka thelathini. Miguuni mwao kopo la filta ya hewa, ambalo fundi alilifungua na kulitupa nje bila kulitazama mara mbili.

— Dizeli, — alisema Nevardo. — Ni dizeli ya yule mwanamke tu. Nimejaza kwake Jumatatu, Jumatano injini imekufa. Mnataka nini tena?

Yule mwanamke ni Yoleida, mjane muuza dizeli, aliyekuwa ng'ambo ya barabara na madumu yake, akimimina kwa faneli.

— Anatia maji, — alisema Redio. — Nimeshasikia.

— Maji? Guajira hii? — Askofu alicheka. — Mtu akipata maji atayanywa, ayatie kwenye dizeli ana wazimu? Anatia mafuta ya kukaangia, bwana. Hukusikia gari likinukia samaki?

— Lilinukia kuungua.

— Ndiyo hivyohivyo, samaki wa kuungua!

— Nyie hamjui kitu, — Redio alishusha sauti. — Kuna watu wa mji wa Maicao wanaitaka njia yetu ya kuuza maji. Wamempa kazi. Gari moja moja, mpaka tuishe.

— Maicao wapi! Mumewe si alikufa garini? — Askofu alijipiga paja. — Basi! Anatulipiza kisasi madereva wote. Shangazi yangu alimwota juzi, kashika faneli, anacheka. Shangazi haoti bure.

Nevardo hakucheka. Alimgeukia Chumvi.

— Mjomba, nataka kumtuma mzee wa maneno kwa ukoo wake akadai fidia, leo hii. Walipe. Na dereva yeyote asinunue tena kwake. Lakini wewe ndiye mjomba, mkubwa wa ukoo wetu, bila neno lako simtumi.

Chumvi aliangalia kahawa yake. Alikuwa ameliona kopo lile tangu alfajiri.

Chini ya kopo kuna mdomo wa mpira, laini, unaotema vumbi wenyewe kila injini inapopunguza mwendo. Mvua za Novemba zikija, madereva wa hapa huufunga kwa utepe uliokatwa kwenye tyubu ya gurudumu, maji yasipande wakivuka makorongo. Mchanga ukikauka wanafungua, la sivyo vumbi hujaa kopo na kuingia kwenye injini. Nusu ya madereva wa mji huu wamefundishwa hivyo na Chumvi mwenyewe. Novemba alimfungia Nevardo kwa mikono yake, akamwambia usiuguse, nitaufungua mimi. Kisha akaenda msibani kwa watu wa mkewe, akarudi na mambo mengine kichwani, akasahau. Miezi mitano. Laiti angelisema alfajiri! Alfajiri walikuwa wawili tu, yeye na mpwa wake.

— Mjomba? — Nevardo aliuliza tena.

— Subiri kidogo, — alisema Chumvi.

Hapo ndipo alipofika Dilsa, dereva wa kike kutoka Nazareth, kijiji cha mbali jangwani, mgeni kwao wote, aliyekuja kuzibiwa pancha. Askofu alimmiminia kikombe kwa heshima. Badala ya kukaa, Dilsa aliokota kopo, akaliinamisha. Vumbi jekundu lilimwagika juu ya kandambili zake, laini kama unga, na bado likaendelea.

— Mama yangu! Kopo la gari la nani hili?

— Langu, — alisema Nevardo. — Limeuawa na dizeli.

— Dizeli gani, kaka? Tazama. Kopo limejaa mpaka juu, karatasi ya filta imepasuka. Injini yako imekula mchanga. — Akageuza kopo, akaonyesha utepe mweusi. — Nani aliufunga huu mpira?

Chumvi alikunywa kahawa yake mpaka mashapo.

— Si mimi, — alisema Nevardo taratibu. — Mimi siugusi, na ule wa Novemba mjomba alishaufungua.

— Basi ni yeye! — Redio aliruka. — Yoleida! Ulipokuwa unajaza, boneti ilikuwa wazi?

— Ilikuwa... ndiyo. Niliongeza maji ya rejeta.

— Umeona! Dizeli ilikuwa danganya toto!

— Jamani, utepe huu umekauka, umegandana na mpira, — alisema Dilsa. — Hii ni kazi ya miezi, si ya juzi.

— Dada, kunywa kahawa, — alisema Askofu. — Wewe huwajui watu wa hapa.

Nevardo alikuwa amesimama. Alianza kukumbuka vitu: jinsi Yoleida alivyozunguka gari, jinsi alivyoinama, jinsi alivyocheka. Kila alichokikumbuka kilimzidishia hasira.

— Mjomba, wewe unalijua gari lile kuliko mimi. Anaweza kuwa ni yeye?

Chumvi alimtazama mpwa wake. Akamfikiria dada yake, mama wa Nevardo, akiliangalia zizi tupu na kuambiwa ni nani aliyeiua injini. Aibu ilimzidi.

— Inawezekana, — alisema.

— Basi naenda kumwita mzee wa maneno.

Akaondoka mbio, Redio nyuma yake. Dilsa aliliweka kopo chini bila kusema neno, akaingia gereji kufuata gurudumu lake.

Ng'ambo, Yoleida alimaliza kumimina, akajifuta mikono, akamwona Chumvi anamtazama. Akampungia mkono. Chumvi naye akapunga.